Rolling Stones: zaidi ya miaka 60 jukwaani, na nyimbo ambazo si mali yao

Zaidi ya miaka 60 imepita tangu vijana kadhaa wapande jukwaani mjini London kwa mara ya kwanza wakijiita Rolling Stones. Mwimbaji wao Mick Jagger na mpiga gita Keith Richards walizaliwa wote wawili mwaka wa 1943, na sasa wamevuka miaka 80. Wengi walioanza nao wamekufa au wameacha kazi. Wao bado wanaimba.

Kuna wanaosema siri yao ni afya, wengine wanasema ni bahati. Lakini mtu akifuata historia ya pesa za kundi hili, anakuta sababu nyingine: wakiwa vijana walipoteza umiliki wa nyimbo zao zenye sifa kubwa kuliko zote, na tangu wakati huo jukwaa likawa ndilo shamba lao.

Walianza na santuri za wengine

Jagger na Richards walikulia Dartford, mji ulio karibu na London. Walisoma shule moja ya msingi, kisha wakapoteana. Mwezi wa kumi mwaka wa 1961 wakakutana tena kwenye kituo cha treni cha mji huo. Jagger, aliyekuwa akisomea uchumi London, alikuwa amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, wanamuziki weusi wa Marekani ambao Waingereza wachache tu waliwajua wakati ule. Mazungumzo yao yakaanzia kwenye santuri hizo.

London wakamkuta Brian Jones, mpiga gita aliyekuwa akitafuta watu wa kuunda kundi, pamoja na mpiga piano Ian Stewart. Jones ndiye aliyetoa jina, akilichukua kwenye wimbo wa Muddy Waters. Tarehe 12 mwezi wa saba 1962 wakapiga muziki kwa mara ya kwanza katika klabu ya Marquee. Bill Wyman, wa gita la besi, aliingia mwishoni mwa mwaka huo, na mpiga ngoma Charlie Watts mwanzoni mwa 1963.

Meneja wao Andrew Loog Oldham, kijana wa miaka 19 tu, aliona kwamba Stewart hana sura ya kuuzia santuri, akamtoa kwenye picha za kundi. Stewart alikubali. Aliendelea kusimamia safari na vyombo vya wenzake, na kuwapigia piano, hadi alipokufa mwaka wa 1985.

Oldham ndiye pia aliyewasukuma Jagger na Richards watunge nyimbo zao wenyewe. Hesabu yake ilikuwa wazi: anayeimba wimbo wa mwingine anamlimia mwingine, kwa sababu mtunzi hulipwa kila mara wimbo wake unapopigwa. Mwaka wa 1965 wimbo wao “Satisfaction” ukashika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza.

Mikataba iliyowagharimu

Mwaka huo huo wa 1965 walimkabidhi mambo yao ya pesa Mmarekani Allen Klein, aliyesifika kwa kuyabana makampuni ya santuri mpaka yalipe. Na kweli, aliwapatia mkataba mpya wa pesa nyingi. Vijana wakafurahi, wakaweka saini.

Walipoachana naye mwaka wa 1970, ndipo walipofahamu vizuri walichokuwa wametia saini. Rekodi zao na haki za nyimbo walizotunga katika miaka ya 1960 zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Klein, ABKCO. Kesi zilifuata kwa miaka mingi. Klein alikufa mwaka wa 2009, lakini mali hiyo imebaki kwa kampuni yake. Jagger na Richards hupata sehemu yao kama watunzi, ila mwenye mali ni mwingine.

Nguvu ya karatasi hizo ilionekana tena mwaka wa 1997. Kundi jingine la Uingereza, The Verve, lilitoa “Bitter Sweet Symphony” likitumia kipande cha muziki wa orkestra ya Oldham, muziki uliotokana na wimbo wa Rolling Stones. Klein alidai haki, na mtunzi Richard Ashcroft akapoteza haki za wimbo uliomletea sifa. Ilipita miaka zaidi ya 20. Mwaka wa 2019 Jagger na Richards wakakubali kumrudishia sehemu iliyokuwa imeandikwa kwa majina yao.

Kuondoka nyumbani

Matatizo hayakuishia hapo. Kodi za Uingereza kwa watu wa mapato makubwa zilikuwa za juu sana, na kundi lilikuwa na deni kwa serikali. Mwaka wa 1971 wakahamia Ufaransa. Richards alikodi nyumba kubwa Villefranche-sur-Mer, kando ya bahari, na katika chumba cha chini cha nyumba hiyo wakarekodi sehemu kubwa ya albamu “Exile on Main St.”, iliyotoka 1972.

Safari hii walikuwa wamejifunza. Mwaka huo wa 1971 walianzisha kampuni yao wenyewe ya santuri. Alama yake, mdomo na ulimi mwekundu, ilichorwa na mwanafunzi wa sanaa John Pasche, ambaye mwanzoni alilipwa pauni 50. Leo inajulikana hata na watu wasiojua wimbo mmoja wa kundi hilo.

Tangu wakati huo, safari za matamasha zikawa chanzo kikubwa cha mapato yao. Ziara yao ya 2005 hadi 2007 iliingiza zaidi ya dola milioni 550, kiasi ambacho hakuna ziara ya muziki iliyokuwa imekifikia. Hata hivyo hawakuuza tiketi kila mahali: mwaka wa 2006 waliimba bure ufukweni Copacabana, Brazili, na mwezi wa tatu 2016 wakaimba bure Havana, Kuba, ambako kwa miaka mingi wakubwa wa serikali hawakuutazama muziki wa roki kwa jicho zuri.

Viti vilivyobaki wazi

Safari hiyo ndefu ilikuwa na misiba yake. Brian Jones, aliyeanzisha kundi, aliondolewa mwezi wa sita 1969 akiwa amedhoofishwa na madawa ya kulevya. Wiki chache baadaye alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea la nyumba yake, akiwa na miaka 27. Siku mbili tu baada ya kifo chake, wenzake waliimba mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Hyde Park, London.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, ulinzi wa tamasha lao la Altamont, California, uliachiwa genge la waendesha pikipiki. Kijana mweusi wa miaka 18 alichomwa kisu mbele ya jukwaa, akafa.

Wyman aliacha kundi mwaka wa 1993. Watts alikufa tarehe 24 mwezi wa nane 2021, akiwa na miaka 80. Kabla mwezi wa tisa haujaisha, wenzake walikuwa jukwaani St. Louis, Marekani, Steve Jordan akiwa kwenye ngoma.

Mwaka wa 2023 walitoa “Hackney Diamonds”, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu 2005. Watts anasikika katika nyimbo mbili alizorekodi kabla ya kufa. Ziara iliyofuata Marekani ilidhaminiwa na AARP, shirika la watu waliovuka miaka 50.

Albamu hiyo inafungwa na Jagger na Richards peke yao, wakipiga wimbo wa Muddy Waters uliolipa kundi jina. Wimbo huo nao si mali yao, ila huu walijua hivyo tangu mwanzo.