Gari la haibridi halina mshale wa joto: geji ndogo inavyoweza kuiokoa safari ya familia

MAGARI ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, si kitu kigeni tena kwenye barabara zetu. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, Aqua ikafuata Desemba 2011, na mengi tuyaonayo hapa ni yale yaliyokwisha kutumika huko yakaletwa kwa meli. Mzazi anayalipendea jambo moja: mafuta. Elfu kumi anayoweka inakwenda mbali kuliko kwenye gari lake la zamani.

Lakini siku ya kwanza akikaa kwenye usukani, akatafuta ule mshale wa joto aliouzoea, wenye C upande mmoja na H upande wa pili, hauoni. Kwenye Prius na Aqua haupo. Kuna taa tu, na taa nyekundu ya joto huwaka pale joto linapokuwa tayari limepanda sana. Kwa anayeendesha mjini, penye gereji kila kona, hilo si kubwa. Kwa familia inayoishi Fukayosi ni habari nyingine.

Fukayosi ipo kwenye barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami, kabla hujafika Kiwangwa kwenye mananasi ukitokea mjini Bagamoyo. Ni barabara nzuri, na wengi wanaokwenda Tanga, Moshi na Arusha huipitia kuikwepa foleni ya Chalinze. Ila kati ya kijiji na kijiji kuna vipande virefu vya pori na malisho. Gari likizima hapo saa moja usiku, watoto watatu nyuma na bibi mbele, hujui utamsimamisha nani.

Ndiyo maana baadhi ya wenye magari haya huongeza geji yao wenyewe. Ni kidude chenye kioo, ukubwa wa simu ndogo ya batani, kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari na kukuonyesha kwa namba. ScanGauge ya Marekani ndiyo inayojulikana sana kwa wapenzi wa Prius, na zipo nyingine nyingi. Haitoboi injini, haigusi rejeta. Inachomekwa kwenye soketi ile ile ambayo fundi huchomeka mashine yake ya kupimia, iliyopo chini ya dashibodi karibu na magoti ya dereva. Marekani iliilazimisha soketi hiyo kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia toleo la 1996, ikaenea duniani.

Tahadhari moja hapa. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani linaweza lisitoe kila namba ambayo geji imeandikiwa kwenye boksi. Joto la maji ya injini kwa kawaida linapatikana. Joto la betri kuu mara nyingine linahitaji kuingiza mipangilio maalumu. Kwa hiyo ichomeke kwenye gari lako, uione inasoma, ndipo utoe hela.

Kwa nini joto la maji? Kwa sababu injini ya Aqua, na ya Prius ya kuanzia 2009, haina mkanda wa kuzungushia pampu ya maji. Pampu inazungushwa kwa umeme. Kwenye gari la kawaida mkanda ukichoka unapiga kelele, jirani anasikia, fundi anasikia. Hapa pampu inaweza kufa kimya kimya huku redio inaimba na watoto wanagombania dirisha. Maji hayazunguki, joto linapanda, na ukiendelea kukanyaga mafuta unaunguza gasketi ya silinda hedi. Bili ya kazi hiyo inaweza kula ada ya muhula.

Ukiwa na namba mbele yako, unaliona jambo hilo likianza. Injini hizi zikishapata moto hutulia kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Mimi ningemshauri mzazi akariri namba ya gari lake mwenyewe: lianikapo jua la mchana likiwa limebeba watu wote, linasoma ngapi? Likisoma 90 wiki nzima, halafu leo likasoma 101 barabara tambarare, hiyo si bahati mbaya. Punguza mwendo, uanze kuangalia mahali pa kusimama penye kivuli na watu. Likipita 105, simama. Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yale yapo kwenye mgandamizo na yanaruka usoni, na mtoto mdadisi ndiye huwa wa kwanza kusogea kuchungulia. Wateremshe watoto upande wa majani, uache gari lipoe.

Kuna ukomo wa geji ambao wauzaji hawausemi. Kipima joto kinafanya kazi kikiwa ndani ya maji. Maji yakivuja yote, kinabaki kwenye hewa au mvuke, na namba inaweza kukudanganya. Kwa hiyo kufungua boneti asubuhi, gari likiwa la baridi, na kutazama kiwango kwenye chupa bado ni kazi yako. Na chupa ni mbili: moja ya injini, nyingine ya inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uende kwenye mota. Wengi hujaza ya injini, ya inveta wakaisahau miaka. Zote zinataka kulanti inayotakiwa na gari, si maji ya bombani.

Namba ya pili ya kuiweka kwenye kioo, kama geji yako inaweza, ni joto la betri kuu. Hapa ndipo watoto wanapoingia kwenye hesabu. Betri ya Prius ya kizazi cha tatu ipo nyuma ya kiti cha nyuma, ya Aqua ipo chini ya kiti hicho, na zote hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye matundu-matundu. Kwa Prius hiyo tundu lipo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Kwa Aqua lipo chini yake. Sasa fikiria kiti cha nyuma cha familia yoyote: begi la shule, khanga, sweta, makombo ya biskuti, nywele, na siku ya kutoka Kiwangwa mananasi sita kwenye kiroba. Vyote vinaegemea pale pale. Feni inavuta vumbi na nyuzi za nguo, inaziba, betri inapika. Dereva haoni kitu mpaka taa iwake.

Betri hizo za nikeli hufurahia joto lile lile analolifurahia binadamu. Ukiiona imekaa juu ya nyuzi 45 kwa muda, funga vioo uwashe AC, maana betri inapumua hewa mnayopumua ninyi. Mzazi anayezima AC ili kubana mafuta mchana wa Februari anaweza kuwa anaokoa mia na kuitumia elfu. Halafu ukifika nyumbani toa mizigo, angalia tundu, na mwambie fundi aisafishe feni.

Tuje kwenye kufunga kwenyewe. Kazi ni ya nusu saa, lakini ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Kwanza, usalama wa umeme. Betri kuu ya Aqua ina volti 144, ya Prius ya kizazi cha tatu zaidi kidogo ya 200, na inveta huupandisha umeme huo kupita volti 500. Waya zake zina rangi ya chungwa. Geji haina biashara yoyote na waya za chungwa. Soketi yake inatumia umeme mdogo wa volti 12, basi. Muulize fundi mapema: “Fundi, umeme unachukua wapi?” Akijibu, “Hapo hapo kwenye soketi, mama, sikati waya,” mmeelewana. Akianza kutafuta kisu cha kukwangua waya wa nyuma ya redio, mshukuru kwa ustaarabu na umwambie utarudi kesho.

Pili, gari lisiwe kwenye READY wakati wa kazi. Haibridi likiandika READY linaweza kuwa kimya kabisa, ukadhani limezimwa, kumbe ukigusa gia na mafuta linaondoka, na injini inaweza kujiwasha yenyewe muda wowote. Mtoto asiwe kwenye kiti cha dereva “anamsaidia baba”. Ili kuijaribu geji, bonyeza swichi mara mbili bila kukanyaga breki. Taa za dashibodi zitawaka bila gari kuwa tayari kutembea.

Tatu, mahali pa kuiweka. Usiibandike kwenye mfuniko wa mfuko wa hewa: si katikati ya usukani, si juu ya dashibodi mbele ya abiria. Usipitishe waya kwenye nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele kama gari lina mifuko ya hewa ya pazia humo. Mfuko ukifumuka kwenye ajali, kidude hicho kinageuka jiwe, na anayekaa mbele mara nyingi ni mama aliyempakata mdogo, jambo ambalo nalo halifai. Kwenye Prius na Aqua nyingi namba za mwendo zipo katikati, juu, mbali na usukani, hivyo nafasi ya juu ya koloni ya usukani inabaki wazi, na wengi huibandika hapo. Safisha plastiki kwa spiriti kwanza. Gundi ya pande mbili ya bei rahisi huyeyuka kwenye jua la pwani, geji ikadondokea miguuni.

Na miguuni ndipo penye hatari kubwa zaidi. Waya unaoning’inia karibu na pedali ya breki ni mtego. Ufungwe kwa vibana vya plastiki juu, ndani ya dashibodi, kisha dereva akae, akanyage breki hadi mwisho, azungushe usukani pande zote mbili. Ukigusa chochote, irudiwe.

Wapo watakaosema mbona kuna kile kichomeko kidogo cha Bluetooth kinachotuma namba kwenye simu, bei yake ndogo sana. Ni kweli, na kwa kukagua gari kabla hujalinunua kinafaa mno. Kwa safari ya kila siku sikipendekezi. Simu ile ile ina kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la tatu, na likianza kupiga kelele kuhusu mchango wa mahafali, joto la injini hutaliona tena.

Mwisho ni ile betri ndogo ya volti 12. Soketi huwa na umeme hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo kinachobaki kimechomekwa kinaendelea kunyonya kidogo kidogo. Betri hiyo ikiisha, haibridi haliwaki hata kama betri kuu imejaa. Gari likibaki uani wiki mbili, baba akiwa safarini na mama hana leseni, chomoa geji uiweke kabatini.