Umeme Una Jenereta, Hesabu za Duka Zina Nini?

Wafanyabiashara wa Unguja wanaijua gharama ya kutojiandaa. Mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme karibu mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 kikaukosa tena kwa takriban miezi mitatu. Waliokuwa na jenereta waliendelea kuuza.

Hatari ya kompyuta nayo ni ya namna hiyo. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kuenea, kikavamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili, kisha kikadai dola 300 za Marekani kwa kila mashine, zilipwe kwa bitcoin. Dawa yake kampuni ya Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi mwaka huo. Wengi walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwekewa dawa hiyo.

Kwa duka la jumla la Darajani au nyumba ya wageni ya Shangani, mafaili hayo ndiyo orodha ya wadeni, stoki na vyumba vilivyokwisha lipiwa. Kompyuta hununuliwa nyingine; daftari la madeni halina duka.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi wako, muulize mambo manne. Programu zimesasishwa lini? Kila mfanyakazi ana neno lake la siri? Wai-fai ya wageni imetengwa na mtandao wa ofisi? Na nakala ya hesabu iko wapi?

Nakala inayoachwa imechomekwa kwenye kompyuta nayo yaweza kufungwa na kirusi. Ichomolewe, itunzwe jengo jingine, na kila mwezi ijaribiwe kama inafunguka.