KUHIFADHI HERUFI SAHIHI KATIKA KOMPYUTA ZA MAKTABA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaohusika na maktaba, skuli na nyaraka wanaelezwa hapa chini sababu inayofanya jina la kitabu liandikwe sawasawa, kisha litokee katika kompyuta likiwa limeharibika. Jambo hili lina uzito wa pekee hapa Visiwani, ambako hati nyingi, za Kiarabu na za Kiswahili pia, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kitabu ambacho jina lake limeharibika katika orodha hakipatikani kinapotafutwa, na kwa msomaji ni sawa na kitabu kisichokuwepo.

Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na kila herufi hupewa namba yake kwa mujibu wa jedwali lililokubaliwa. Jedwali la zamani liitwalo ASCII lina nafasi 128 tu. Linatosha kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, lakini halina hata alifu moja. Lile la Latin-1 liliongeza herufi za Ulaya Magharibi, bila ya za Kiarabu. Yunikodi, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilikusudiwa kukusanya maandishi ya dunia nzima mahali pamoja. Namba zake huandikwa kwa utaratibu wa UTF-8, unaotumia baiti moja hadi nne kwa herufi; herufi za kawaida za Kiarabu huchukua baiti mbili.

Tuchukue mfano wa Koha, programu isiyolipiwa ya kuendeshea maktaba, iliyoanza kutumika mwaka 2000 huko Horowhenua, Nyuzilandi. Orodha ya vitabu huwekwa katika hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Programu huifikia kwa maelezo yaliyomo katika faili iitwayo koha-conf.xml: jina la seva, namba ya mlango ambayo kwa kawaida ni 3306, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na neno la siri. Hivyo herufi hupita mahali patatu: katika programu, katika kiunganisho na katika hifadhidata. Pote patatu hapana budi pawe na utaratibu mmoja.

Programu ikituma UTF-8, na kiunganisho kikatangazwa kuwa ni Latin-1, herufi ya aini (ع) hupokelewa kuwa ni herufi mbili za Ulaya, “Ø¹”. Kosa hili kwa kawaida hurekebishika, kwani baiti za asili bado zimo. Lakini hifadhidata yenyewe ikiwa ni ya Latin-1, seva hukosa pa kuiweka aini. Ama huikataa, ama huweka alama ya kuuliza. Alama hiyo ikishahifadhiwa, herufi imepotea. Hakuna fundi awezaye kuirejesha, ila kwa nakala ya akiba au kwa kukisoma upya kitabu chenyewe.

Kwa hiyo inashauriwa:

(a) Nakala ya akiba ichukuliwe kabla ya kubadili chochote.

(b) Hifadhidata, majedwali yake na kiunganisho viwekwe utf8mb4. Katika MySQL jina utf8 peke yake limekuwa likimaanisha utaratibu unaoishia baiti tatu.

(c) Rekodi za MARC 21 zinazopokelewa kutoka maktaba nyingine zikaguliwe kichwa chake. Alama ya kumi ikiwa “a”, rekodi ni ya Yunikodi. Nafasi hiyo ikiwa tupu, ni ya MARC-8, na ibadilishwe kwanza.

(d) Jina moja la Kiarabu liandikwe kwa majaribio, lihifadhiwe, kisha litafutwe.

(e) Rekodi zilizoharibika zisisahihishwe moja moja kwa mkono kabla ya chanzo kujulikana, isije orodha moja ikawa na makosa ya namna mbili.

(f) Faili yenye neno la siri isomwe na mwenye dhamana tu.

Wanaohusika wanaombwa kuzingatia maelezo haya kabla ya kuingiza orodha zao katika kompyuta, kwani kinga ya kosa hili ni kazi ya saa chache, na kulisahihisha huweza kuwa kazi ya miaka.