Askari Mzee Aliyeitafuta Nyumba ya Utoto Wake

Miongoni mwa askari wa Uingereza walioshuka katika pwani ya Normandy, nchini Ufaransa, mwaka 1944, alikuwemo George Herbert. Vita havikumwua. Uzeeni alishikwa na demensia, maradhi ya ubongo yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu zake kidogo kidogo. Aliondoka kwenda kuitafuta nyumba aliyokulia, akafikwa na mauti kabla hajapatikana.

Polisi wa Norfolk, mashariki ya Uingereza, walibuni utaratibu unaoitwa kwa jina lake. Jamaa au walezi wa mgonjwa hujaza fomu mapema, wakaambatisha picha yake na kueleza makazi yake ya zamani, kazi alizopata kufanya na mahali apendapo kwenda. Akitoweka, polisi hukabidhiwa fomu hiyo, na msako ukaanza bila kupoteza saa. Leo utaratibu huo hutumiwa na vikosi vingi vya polisi nchini humo.

Sisi tuliozoea doria na lindo twauelewa upesi. Lililo gumu ni swali linalofuata. Ikiwa habari za maisha ya mzee zafaa kumtafutia anapopotea, kwa nini zikae kabatini wakati yeye mwenyewe yungali mbele ya macho ya walezi wake?

Maana katika nyumba za kutunzia wazee, mgonjwa anayehangaika aghalabu amehesabiwa kuwa mkorofi, akanyamazishwa kwa vidonge. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti nzito. Wagonjwa wa demensia wapatao 180,000 kwa mwaka walikuwa wakipewa dawa kali zilizokusudiwa hasa wagonjwa wa akili. Alikadiria kwamba dawa hizo zilileta vifo 1,800 vya ziada kila mwaka. Hao ni zaidi ya batalioni mbili, nao walikufa kimya vitandani.

Njia nyingine ilijaribiwa, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018. Katika nyumba 69 za wazee nchini Uingereza, zenye wagonjwa 847 waliofuatiliwa, wahudumu wawili wa kila nyumba walifunzwa kuongoza wenzao. Walifundishwa kuzungumza na mgonjwa juu ya mambo ayapendayo, na kumshirikisha katika kuamua atunzwe vipi. Mazungumzo na shughuli hizo zilipewa muda wa saa moja tu kwa juma. Baada ya miezi tisa mahangaiko yalipungua, hali ya maisha ikawa bora, na gharama haikuzidi ile ya kawaida, ilipungua.

Tuchukue mfano wa mzee aliyekuwa mlinzi wa usiku. Saa nane za usiku yuko ukumbini akijaribu vitasa vya milango. Asiyemjua atamrudisha kitandani kwa nguvu, na vurugu itazuka. Anayemjua atafahamu kwamba mzee yuko zamuni; atatembea naye mlango hata mlango, amwambie, "Mzee, kote kuko salama, mwenzako amekuja kukupokea," kisha amkaribishe chai. Nchini kwetu wazee wengi hutunzwa na jamaa zao, lakini babu anayejaribu vitasa usiku yumo hata katika nyumba za wenzetu kambini.

Huko Weesp, karibu na Amsterdam, Uholanzi, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 kilifunguliwa kijiji kizima cha wagonjwa hao, De Hogeweyk, kikiwa wakati huo na nyumba 23, kila moja ikiwa na watu sita au saba. Kuna duka, mkahawa, bustani na ukumbi wa michezo. Lango la kutokea ni moja, nalo lina wasimamizi. Ndani yake mzee hutembea apendavyo, na akipotea njia yupo wa kumrudisha nyumbani. Wahudumu wote huvaa nguo za kiraia.