Kifo Kisicho na Kaburi: Askari wa Meli ya Khedive Ismail

Huko Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, kama ilivyo desturi kote Ugusii, marehemu huzikwa bomani mwake, karibu na nyumba aliyoishi. Kwa sababu hiyo kifo cha baharini, ambacho hakiwaachii jamaa mwili wa kuzika wala kaburi la kutupia udongo, ni msiba usiokwisha. Msiba wa namna hiyo uliifika Afrika Mashariki tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa karibu na visiwa vya Maldivi.

Meli hiyo iliyoondoka Mombasa kuelekea Colombo, katika nchi iitwayo leo Sri Lanka, ilibeba watu zaidi ya 1,500, wakiwamo wauguzi wa kike na askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ilikuwa katika msafara, yaani kundi la meli zinazolindwa na manowari, lakini nyambizi ya Kijapani, I-27, ambayo ni chombo cha kivita kiendacho chini ya maji, iliipiga kwa topido mbili, mabomu yanayojiendesha majini, meli hiyo ikazama kabla ya dakika 2 kutimia, na wengi waliokuwa ndani hawakuwahi kutoka.

Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi hiyo mpaka ikazama, ila mabomu yaliyotupwa kuilipua vilindini yaliwaua pia baadhi ya manusura waliokuwa wakielea. Waliokufa walikaribia 1,300, na waliookolewa walizidi 200 kidogo.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliwanyima kaburi wengi, wakiwamo marubani na wenzao wa ndege za mabomu walioangukia baharini: ukumbusho wa Runnymede, Uingereza, una majina ya wanahewa zaidi ya 20,000 wasiojulikana walikolala. Kwa askari wa Khedive Ismail, ukumbusho uko Nairobi, katika Makaburi ya Vita ya barabara ya Ngong, ambako majina ya zaidi ya 600 kati yao yamehifadhiwa. Familia ambayo bado inasimuliana habari za babu aliyekwenda vitani asirudi inastahili kujua kwamba mahali hapo papo, kwa kuwa huenda jina lake limo, na kulisoma mbele ya wajukuu ni heshima ambayo bahari haikuweza kuizuia.