Tepu ya seremala iliyofika angani

Antena za satelaiti Australis-OSCAR 5 zilitengenezwa kwa tepu ya chuma, ile ile ambayo seremala huivuta kupimia ubao. Tepu hiyo hukunjika bila kuvunjika, na ukiiachia hunyooka yenyewe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, hawakuwa na fedha za kununua antena za angani. Walikuwa na tepu, na walijua tabia yake.

Mwaka 1967 kazi yao ilikamilika, kifaa cha kilo 17 na ushei, kikapelekwa Marekani kungoja roketi. Walingoja hadi tarehe 23 Januari 1970, kilipopata lifti kwenye roketi ya Delta iliyokuwa ikibeba satelaiti ya hali ya hewa kutoka kituo cha Vandenberg, California. Hakikuwa na paneli za jua, bali betri tu. Ili betri zisiishe mapema, mtambo mmoja wa kurushia mawimbi uliweza kuzimwa na kuwashwa kwa amri kutoka ardhini, ukawa unawashwa mwishoni mwa wiki, watu wanapokuwa nyumbani na redio zao. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo satelaiti ya wanaredio wa ridhaa kuamriwa kutoka chini ikatii. Mamia ya vituo katika nchi 27 viliandika taarifa za kuisikia.

Waliofanya hayo walikuwa wanachama wa klabu ya chuo. Hakuna aliyewapa alama za mtihani kwa kazi ile.

Ridhaa ni nini?

Neno ridhaa tunalijua kutoka kwenye ndondi: ni yule anayepanda ulingoni bila malipo. Redio ya ridhaa nayo ni hivyo hivyo. Mtu husoma nadharia ya umeme, mawimbi na sheria za masafa, akajaribiwa, kisha mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake humpa leseni pamoja na alama ya kuitania hewani. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Mwenye leseni haruhusiwi kurusha muziki wala kufanyia biashara. Anaruhusiwa kujaribu, kujifunza na kuzungumza na wenzake popote walipo duniani.

Klabu ya chuo inahitaji chumba kimoja, redio moja na waya juu ya paa. Waya wa mita 10 hivi, ukikatwa katikati na kulishwa hapo, unafaa kwa masafa ya MHz 14. Mawimbi yake hupanda hadi tabaka la ionosfia, yakapindwa na kurudi chini maelfu ya kilomita kutoka hapo. Jua linapozama tabaka lile hubadilika, na kituo kilichosikika mchana kikapotea. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya redio tangu saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku ameliona somo hilo kwa masikio yake. Mwalimu akija kesho yake kulichora ubaoni, mwanafunzi huyo anakuja na maswali.

Kutoka klabu hadi kiwanda

Martin Sweeting alikuwa mwanaredio wa ridhaa kabla ya kuwa profesa. Katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, yeye na kikundi kidogo walijenga satelaiti ya UoSAT-1 kwa vipuri ambavyo vingi vilikuwa vya kawaida vya madukani, wakati wakubwa wa anga walikuwa wakiamini kwamba huko juu hakifanyi kazi kitu kisichotengenezwa maalumu. Ilirushwa Oktoba 1981, ikadumu angani miaka minane. Mwaka 1985 chuo kikaunda kampuni kwa mtaji wa pauni 100. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza NigeriaSat-1, satelaiti ya kwanza ya Nigeria, iliyorushwa mwaka 2003.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Kilichoanza kama ridhaa ya watu wachache chuoni kimekuwa bidhaa ambayo serikali za Afrika zinakwenda kuinunua. Ujuzi tuliokuwa tunaweza kuuanza kwa waya na risasi ya kuungia, tunaulipia ukiwa umeshakomaa mikononi mwa wengine.

Wala mlango haujafungwa. Tarehe 11 Mei 2018 kituo cha anga cha kimataifa kilifyatua 1KUNS-PF, kiboksi cha sentimita 10 kila upande kilichoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani. Ilikuwa satelaiti ya kwanza ya Kenya. Ilizungumza kwa masafa ya MHz 437, yaliyomo katika eneo la wanaredio wa ridhaa, na ndiyo maana watu wasioijua hata Nairobi waliweza kuinasa na kuisoma.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vyetu vikuu na vyuo vya ufundi: wapeni wanafunzi chumba na ruhusa ya kupanda paa, na mwalimu mmoja wa kuwasimamia katika safari ya leseni. Nanyi mamlaka za mawasiliano, mtihani wa leseni uwe jambo ambalo mwanafunzi anajua lini na wapi anaufanya, na ada yake iwe ya mwanafunzi.

Nanyi wanafunzi msingoje. Bomba la plastiki la fundi maji na vipande vya tepu ya chuma vinatosha kuunda antena ya mkononi. Ielekezeni juu kituo cha anga kinapopita, kipokezi kikiwa kwenye MHz 145.800, masafa ambayo wanaanga huyatumia kuzungumza na wanafunzi wa shule mbalimbali duniani. Kusikiliza ndiyo hatua ya kwanza, na hata wale wa Melbourne walianza kwa kusikiliza.