Muswada ni posa, sheria ni ndoa: familia iulize mapema

Tuseme ni jioni ya mwezi wa saba katika kata ya Nkoma, wilayani Itilima. Pamba imeshapimwa, fedha zimeingia, na wageni wamekuja nyumbani kwa baba mwenye binti wa miaka 16. Binti huyo alimaliza darasa la saba na hakuendelea. Idadi ya ng'ombe imeshatajwa. Mama, aliyeketi karibu na mlango, hajasema neno.

Mjomba anasema sheria inaruhusu, mradi baba akubali. Kaka wa binti anasema hapana, mahakama ilishakataza. Jirani aliyepita kusalimia anaongeza kwamba alisikia redioni mbunge mmoja akitaka muswada upelekwe bungeni ili jambo hilo liishe. Wageni wanatazamana. Baba anauliza swali moja ambalo hakuna anayelijibu: "Sasa sheria yenyewe inasemaje?"

Kila mmoja katika kikao hicho ana kipande cha ukweli, lakini hakuna aliyenacho chote. Hali hiyo inazikuta kaya nyingi, na si kwa sababu watu hawana akili ya kuelewa. Sheria na miswada huandikwa kwa lugha ya wanasheria, na kwa miaka mingi hapa Tanzania iliandikwa kwa Kiingereza ingawa wabunge waliijadili kwa Kiswahili. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hata hivyo, Kiswahili cha sheria nacho kinahitaji kufafanuliwa, hasa kwa mzazi ambaye uamuzi wake wa jioni moja utabaki na mtoto wake maisha yote.

Muswada si sheria

Njia rahisi ya kuelewa ni kufikiria posa. Muswada ni posa, sheria ni ndoa. Wakati wa posa bado mnaweza kuuliza, kupunguza, kuongeza na hata kukataa. Ndoa ikishafungwa, kubadili mambo ni kazi nyingine, ndefu na ya gharama.

Muswada husomwa kwa mara ya kwanza bungeni bila mjadala. Hapo ni kama mshenga amebisha hodi na kutaja shida yake. Kisha unakwenda kwenye kamati ya Bunge inayohusika. Hapo ndipo wazee wanapokaa na kuhoji, na hapo ndipo wadau na wananchi wanapoweza kutoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi. Baada ya hapo unasomwa mara ya pili na wabunge wanajadili kama wazo lenyewe ni jema. Halafu Bunge zima linakaa kama kamati na kupitia kifungu kimoja baada ya kingine, kama wazee wanaohesabu ng'ombe mmoja mmoja. Ukisomwa mara ya tatu na kupitishwa, unakwenda kwa Rais. Akiukubali na kuutia saini, unakuwa sheria. Kwa mujibu wa ibara ya 97 ya Katiba, Rais anaweza pia kuukataa na kuurudisha bungeni pamoja na sababu zake.

Wakati mwingine muswada huletwa kwa hati ya dharura. Maana yake ni kwamba muda wa kuuchambua unakuwa mfupi. Familia ikisikia maneno hayo, ijue kwamba nafasi ya kusema ni ya siku chache.

Mbunge anaweza kupeleka muswada wake

Miswada mingi hupelekwa na Serikali kupitia mawaziri. Lakini kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge asiye waziri naye kuandaa muswada wake, unaoitwa muswada binafsi. Anatoa taarifa kwa Katibu wa Bunge na kueleza madhumuni yake, na muswada unapita hatua zile zile.

Miswada ya namna hii ni michache. Sababu mojawapo iko kwenye ibara ya 99 ya Katiba, ambayo haimruhusu mbunge wa kawaida kuleta jambo la kutoza kodi au kutumia fedha za umma. Hayo lazima yatoke upande wa Serikali.

Watu wengi pia huchanganya muswada binafsi na hoja binafsi. Hoja binafsi ikipita, Bunge linatoa azimio, yaani linaitaka Serikali ifanye jambo fulani. Haibadilishi sheria hata neno moja. Kwa hiyo mtu akisema "mbunge wetu amepeleka hoja", swali la kwanza ni hili: ni hoja au ni muswada?

Funzo kutoka kwa jirani

Mfano mzuri wa muswada wa mbunge mmoja uko Kenya. Njoki Ndung'u, wakili aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, alipeleka bungeni muswada wake binafsi kuhusu makosa ya kingono. Ulipitishwa mwaka 2006, na Rais Mwai Kibaki akautia saini mwezi wa saba mwaka huo huo.

Kwa maneno ya kawaida, sheria hiyo ilisema hivi: anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake afungwe maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo kisipungue miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, kisipungue miaka 15. Mzazi yeyote anaweza kuelewa hayo bila kuwa na wakili pembeni.

Lakini muswada haukutoka bungeni kama ulivyoingia. Mjadala ulikuwa mkali, na siku moja baadhi ya wabunge wanawake walitoka ukumbini kupinga maneno ya mwenzao mwanamume kuhusu wanawake. Wabunge wanawake wakati huo hawakufika hata ishirini katika Bunge lenye wabunge zaidi ya 220, hivyo ilibidi wakubali kupoteza baadhi ya vifungu ili vingine vipite. Kosa la ubakaji halikuwekwa kwa watu waliooana kisheria.

Pia kiliingia kifungu cha 38. Kilisema kwamba anayemsingizia mtu kosa lililo katika sheria hiyo atapewa adhabu sawa na ya kosa alilolitaja. Kwa haraka linasikika kama jambo la haki, maana nani anapenda kusingiziwa? Lakini mfikirie mama anayekwenda polisi kusema mtoto wake ameharibiwa. Ushahidi ukikosekana, anaweza kugeuziwa kibao na kukabiliwa na kifungo kile kile. Wangapi wangethubutu kwenda? Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012, baada ya kukaa ndani ya sheria kwa miaka sita hivi.

Muswada mzuri unaweza kubeba kifungu kimoja kinachoukata miguu. Ndiyo maana hautoshi kusikia jina lake tu. Ni lazima usomwe hadi mwisho, tena usomwe upya baada ya kufanyiwa marekebisho.

Turudi kwenye kikao cha Nkoma

Sasa swali la baba linaweza kujibiwa kipande kwa kipande.

Mjomba hakutunga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inasema mwanamume asioe kabla ya miaka 18 na mwanamke asiolewe kabla ya miaka 15. Mahakama inaweza kuruhusu hata wenye miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema binti aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, ridhaa itolewe na mama.

Kaka naye hakutunga. Tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo viwili vinakwenda kinyume cha Katiba kwa sababu havimtendei msichana sawa na mvulana. Ilitoa mwaka mmoja virekebishwe ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, akieleza kwamba sheria ilitungwa kwa kuzingatia mila na dini mbalimbali za nchi. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo.

Na jirani ana hoja. Mahakama inaweza kusema kifungu ni kibovu, lakini kuandika kifungu kipya ni kazi ya Bunge, na Bunge hufanya kazi hiyo kwa muswada. Miaka mitatu baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani, muswada wa kurekebisha umri huo ulikuwa bado haujapitishwa. Katika pengo hilo ndipo mjomba na kaka wanapobishana.

Zipo pia sheria mbili nyingine za kukumbuka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo naye ana adhabu yake. Kwa binti aliye shuleni, kwa hiyo, hakuna ubishi wowote. Anayebaki katikati ni yule aliyemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani, kama binti wa kikao hiki.

Jinsi ya kusoma muswada nyumbani

Muswada wa marekebisho huandikwa kama maelekezo ya fundi. Unaweza kukuta umeandikwa: katika kifungu cha 13, futa maneno "kumi na tano", weka "kumi na nane", futa kifungu cha 17. Anayeusoma bila kuwa na sheria ya zamani mkononi hatapata kitu. Kwa lugha ya nyumbani, mistari hiyo miwili ingekuwa na maana hii: baba hana tena uwezo wa kumkubalia binti wa miaka 16 aolewe, na ng'ombe hata wakiingia zizini, hapo hakuna ndoa.

Kijana wa sekondari anaweza kuisomea familia, na maswali matano yanatosha kuongoza kikao:

Kwanza, muswada unataka nini? Jibu liko nyuma, kwenye sehemu ya "Madhumuni na Sababu", ambayo huandikwa kwa lugha nyepesi kidogo. Wengi huanza mwanzo na kuchoka kabla hawajafika huko.

Pili, maneno yamepewa maana gani? Angalia kifungu cha tafsiri. Neno "mtoto" au "mwanafunzi" likibadilishwa maana hapo, linabadilika katika sheria nzima.

Tatu, nani analazimishwa na nani amepewa hiari? "Ofisa atafanya" ni wajibu. "Ofisa anaweza kufanya" maana yake anaweza pia asifanye.

Nne, adhabu ni ipi, na inaweza kumwangukia nani? Hapa ndipo kifungu cha 38 cha Kenya kinapopaswa kukumbukwa.

Tano, waliotangulia watafanywaje? Umri ukipandishwa kuwa miaka 18, je, binti aliyeolewa akiwa na miaka 16 na sasa ana mtoto mgongoni, haki zake za matunzo na mali zinabaki? Kama muswada umenyamaza, hilo ndilo la kumwuliza mbunge.

Pa kusemea

Mbunge akirudi jimboni, familia haihitaji hotuba ndefu. Inahitaji kumwuliza: muswada huu uko hatua gani, kifungu gani kinatuhusu, na wewe utapiga kura gani? Mkutano mkuu wa kijiji nao ni mahali pa kuomba muswada ufafanuliwe, na diwani na mtendaji wapo kupokea maswali. Maoni ya maandishi yanaweza kutumwa kwa Katibu wa Bunge, Dodoma. Barua ya ukurasa mmoja inayotaja namba ya kifungu na kueleza kitakavyoigusa kaya ina uzito kuliko malalamiko ya jumla.

Tukirudi kwenye jioni ile: wageni bado wapo, chai imepoa. Baba sasa anajua kwamba maandishi ya zamani yanampa nafasi ya kusema ndiyo, na kwamba mahakama ya juu kabisa nchini imekubali kuwa maandishi hayo yanamwonea binti yake. Hahitaji kusubiri muswada ili aseme hapana. Anaweza kuwaambia wageni warudi baada ya miaka miwili, na fedha ya pamba ikampeleka binti kujifunza cherehani au kurudi darasani.

Lakini amani ya kweli itakuja siku mjomba na kaka watakapofungua sheria moja na kusoma jibu moja. Mpaka siku hiyo, huenda kitu cha maana zaidi jioni ile ni kumgeukia yule ambaye hajaulizwa tangu wageni waingie. Kabla ya kuhesabu ng'ombe, baba na amwite binti, amketishe, na amuulize: "Mwanangu, wewe unasemaje?"